Jike Aliyezaliwa na Dume

Mimi ni mtu wa kueleza. Hilo ndilo kosa langu, na nalisema mapema ili msinitafutie jingine. Mwaka ule wa sabini na tano nchi nzima ilikuwa darasa. Ukipita jioni kwenye tawi la chama unamkuta bibi wa miaka sabini anatamka silabi kwa sauti, na sisi watumishi wa serikali tulikwisha kuambiwa tusipite mahali penye watu bila kuacha neno la maarifa. Agizo hilo mimi nililipenda mno.

Nilikuwa bwana mifugo wa Ilala. Watu wakisikia hivyo hucheka, mifugo gani tena Ilala? Lakini nyuma ya nyumba zile za upande wa Mchikichini kulikuwa na ng'ombe wa maziwa, wanakula majani ya bonde la Msimbazi na pumba za mashine, na mimi Pius Vitalis, mtu wa Masasi, niliwafahamu wote kwa majina. Wenye ng'ombe sikuwafahamu hivyo. Nikiingia uani macho yangu huenda moja kwa moja kwenye kiwele.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, saa mbili asubuhi, Muhiddin alikuja mbio ofisini. Alikuwa kijana wa Bi Mwanamize, mjane mwenye asili ya Kiarabu aliyeishi na wanawe wawili, huyo Muhiddin na binti aitwaye Mauza.

"Zabibu ana uchungu tangu alfajiri," alisema akihema. "Miguu miwili imetoka, ndama haji. Tumevuta, haji."

"Mmevuta nani na nani?"

"Mimi na wanaume wanne. Kwa kamba."

Nilimtukana. Sijivunii, lakini nilimtukana, nikachukua mkoba wangu na baiskeli. Watu wazima watano na kamba, kwa ng'ombe mmoja!

Zabibu alikuwa amelala ubavu, ulimi nje. Bi Mwanamize amempakata kichwa, anasoma dua. Mauza alikuwa tayari na ndoo ya maji ya moto na sabuni, na nilimshukuru moyoni, kwa sababu ndiye peke yake aliyefanya jambo la maana asubuhi ile. Nilivua shati, nikajipaka sabuni mpaka begani, nikalala kifudifudi nyuma ya ng'ombe na kuingiza mkono.

Mguu wa kwanza ulikuwa wa mbele. Niliufuata, nikagusa kichwa. Mguu wa pili ulikuwa wa nyuma. Niliufuata nao, nikagusa mkia. Nilitulia kidogo nikifikiri nimechanganyikiwa, nikarudia tena tangu mwanzo. Kichwa. Mkia. Hakuna ndama duniani anayetoka kichwa na mkia kwa pamoja.

"Wako wawili," nilisema. "Mlikuwa mnavuta ndama wawili kwa kamba moja."

Muhiddin alishika kichwa. Bi Mwanamize aliacha dua katikati.

Kazi ilichukua karibu saa nzima. Yule wa mkia nilimsukuma arudi ndani, kila Zabibu akipumzika nasukuma, akisukuma yeye natulia, mpaka mkono wangu ukafa ganzi. Kisha niliutafuta mguu wa pili wa yule wa kichwa, nikaunyoosha, nikafunga kamba, na nikawaruhusu wavute, taratibu, pale Zabibu mwenyewe anaposukuma. Alitoka dume, mweusi, analia papo hapo. Wa pili alitanguliza miguu ya nyuma. Alikuwa jike. Hakupumua.

Mauza hakungoja kuambiwa. Alichukua gunia akaanza kumsugua kifua, mimi nikamtia unyasi puani, na wanaume wakamwinua miguu juu. Tulipokwisha kukata tamaa, yule ndama alipiga chafya. Ua mzima ulilipuka kwa vigelegele. Mimi mwenyewe nilikaa chini kwenye tope nikacheka.

Hapo ndipo alipoingia Bi Sabaha. Huyu alikuwa shangazi wa Hashil, mume wa Mauza, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki, na alikuwa na duka la vitambaa Kariakoo. Nasema mume kwa sababu nikahi ilikwisha kufungwa msikitini tangu mwezi wa tano. Kwa sheria Mauza alikuwa mke wa mtu. Lakini bi harusi alikuwa hajapelekwa kwa mumewe. Chumba cha ghorofani walichokuwa wanawajengea hakijakwisha, saruji ilikuwa ya kuviziwa, na wazee wa pande zote mbili walikubaliana Mauza aingie ndani Mfungo Mosi, baada ya Idi, kwa ngoma na shangwe zote. Mpaka siku hiyo Hashil alitakiwa kuja Ijumaa tu, akae barazani, anywe kahawa, aage.

Na Bi Mwanamize alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba Zabibu akizaa jike, jike huyo atafuatana na Mauza.

"Jike letu!" Bi Sabaha alisema kwa furaha, akamwinamia ndama bila kujali kanga yake. "Maziwa ya wajukuu hayo!"

Sasa mngenishauri nini? Ninyamaze? Nimwache mama wa watu amlishe ndama miaka mitatu kwa gharama, halafu ndipo agundue? Nilisimama nikafuta mikono. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka, nikalitandaza juu ya gunia na kuchukua kijiti, na Mungu anisamehe, nilifurahia kuona watu wote wamenitazama.

"Bi Sabaha, huyu usimchukue. Huyu hazai."

"Hazai? Si amezaliwa sasa hivi?"

"Tazama hapa." Nilionyesha kwa kijiti. "Hili kondo la dume, na hili kondo la jike. Unaona mishipa ilivyoungana? Damu ya dume ilikuwa inapita kwa dada yake. Na ndani ya damu mna homoni. Homoni ni kama maagizo mwilini: huyu awe dume, huyu awe jike. Sasa maagizo ya dume hutangulia, yanaingia kwa jike na kumharibia kizazi angali tumboni. Anazaliwa ana umbo la kike, lakini ndani kizazi hakikukomaa."

"Kila jike aliyezaliwa pacha na dume?"

"Karibu wote. Katika mia, tisini na kitu."

"Hata akionekana mzima?"

"Hata akionekana mzima, mzuri, ananawiri. Kwa nje huwezi kujua."

"Na dume je?"

"Dume hana neno. Anayeharibika ni jike."

Bi Sabaha alitazama upande wa pili wa ua, ambako Muhiddin na Mauza walikuwa wananawa mikono katika karai moja. Nilidhani anatafuta maji.

"Kwa hiyo huyu ni wa nini?" aliniuliza polepole.

"Nyama tu," nilisema. Nikafunga mkoba wangu, nikaenda zangu nikijiona nimefanya kazi mbili kwa siku moja, nimezalisha na nimeelimisha.

Siku kumi baadaye Bi Mwanamize alinijia ofisini. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Mwanamke yule alikuwa hajawahi kuacha kuniitikia. Alisimama mbele ya meza yangu na buibui lake, macho mekundu.

"Bwana Pius, mwanangu amekukosea nini?"

"Mwanao yupi, mama?"

"Muhiddin na Mauza ni mapacha. Tumbo moja, siku moja. Muhiddin alitangulia, Mauza akafuata."

Nilikuwa nakwenda nyumba ile mwaka wa tatu. Nilijua Zabibu amezaa mara ngapi, nilijua siku zake za joto, na sikujua kwamba watoto wawili wa nyumba ile walizaliwa siku moja! Muhiddin mrefu mwenye ndevu, Mauza mwembamba anapiga taipu ofisi moja Kivukoni. Nilidhani ni kaka na dada tu.

"Mtaa mzima unasema," aliendelea. "Bombani wanasema. Wanasema bwana mifugo wa serikali amelitandaza kondo na kuthibitisha. Jana Bi Sabaha ameniletea salamu kwamba Ijumaa anakuja kuzungumza habari ya Mauza. Unajua maana yake nini?"

Nilijua. Nilitaka kucheka, maana jambo lenyewe lilikuwa upuuzi mtupu, lakini nilipomtazama usoni kicheko kilinikauka.

"Mama, binadamu si ng'ombe! Kwa watu jambo hilo haliwi hivyo. Wanawake wangapi ni mapacha wa wanaume na wana watoto wao?"

"Mimi waniambia nini? Mimi nimewazaa, najua nilichozaa. Nenda kawaambie wao."

Ijumaa baada ya sala ya alasiri nilikuwa barazani kwake. Nilikuja na daftari langu la chuoni lenye michoro, nimevaa shati la heshima. Nilikuwa na hakika nitalimaliza. Ujinga ulikuwa adui wa taifa na mimi nilikuwa mwalimu. Nilijiambia hivyo njia nzima.

Tulikaa mkekani. Bi Mwanamize, Muhiddin, mimi. Mbele yetu Bi Sabaha na Hashil, kijana mpole mwenye uso mzuri, ambaye alitazama kikombe chake cha kahawa kana kwamba kina maandishi. Mauza alikuwa chumbani, nyuma ya pazia.

Nilieleza. Nilionyesha michoro. Nilisema kwamba kwa ng'ombe mishipa ya mapacha huungana mapema mno, na kwamba kwa binadamu kila mtoto wa namna hiyo ana njia yake ya damu, na maagizo ya kaka hayamharibu dada. Nilisema vizuri, nadhani sijawahi kusema vizuri hivyo. Bi Sabaha alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kwa adabu.

"Bwana Mifugo, binadamu ana hizo homoni?"

"Anazo."

"Za kiume na za kike?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na mapacha wanakaa tumbo moja au mawili?"

"Moja, mama, lakini..."

"Wiki mbili zilizopita hukuwa na lakini," alisema. "Ulikuwa na kijiti na ulikuwa na hakika. Leo umekuja umekaa upande wa mwenye binti, ndiyo lakini zimekuwa nyingi. Sikulaumu. Lakini Hashil ni mtoto pekee wa marehemu kaka yangu. Akikosa mtoto, jina la kaka yangu limekwisha. Sitaki aoe nyama tu."

Neno langu mwenyewe! Nililisikia likitoka kinywani mwake na nikatamani ardhi ipasuke. Muhiddin aliruka wima, mama yake akamshika mguu wa suruali.

"Keti, Muhiddin," Bi Sabaha alisema, na sauti yake ilitetemeka kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na nilimwona anavyoogopa. "Sikuja kugombana. Nimekuja tuongee kama watu, lakini jambo lenyewe limekwisha. Karatasi ninayo hapa mkobani. Hashil ameshaandika."

Bi Mwanamize alitoa sauti ndogo. Mimi nilimtazama Hashil, nikingoja akane. Hashil alizungusha kikombe.

Pazia lilisogea. Mauza alitoka amejitanda kanga, hakusalimia mtu. Alinigeukia mimi kwanza.

"Bwana Pius, ng'ombe mkimpima, mimba inajulikana baada ya muda gani?"

"Mwezi wa pili," nilijibu kwa kigugumizi. "Mkono uliozoea huijua."

"Na mwanamke?"

"Mwanamke... mwenyewe huweza kujua mapema zaidi."

"Ahsante." Akamgeukia mumewe. "Hashil, waambie."

Nje mtu alikuwa anapita anauza mihogo, na sauti yake ilijaa barazani.

"Waambie nilichokuambia Ijumaa ile, kabla Zabibu hajazaa."

"Shangazi..." Hashil alianza. Akaishia hapo.

Mauza alingoja. Nasema kweli alingoja muda mrefu, muda wa mtu kunywa kikombe kizima. Kisha akasema mwenyewe, bila kupandisha sauti.

"Nina mimba ya miezi mitatu. Ya mume wangu wa nikahi. Na yeye anajua."

Nimewahi kuona ng'ombe aliyepigwa na radi na jirani zake waliosalia wakisimama pale pale. Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Bi Mwanamize aliweka mkono kifuani na haukushuka. Muhiddin alimtazama dada yake, akamtazama Hashil, hakujua ampige nani. Mimi nilikuwa bado nimeshika daftari wazi kwenye mchoro wa kizazi cha mtamba, na nililifunga haraka kwa aibu.

Wa kwanza kuzinduka alikuwa Bi Sabaha. Alipiga kigelegele. Kilitoka chenyewe, nadhani, maana alijiziba mdomo, halafu akakiachia tena. Alimwendea Mauza kwa magoti huku machozi yakimtoka.

"Mwanangu! Yarabi, mwanangu! Mbona hukusema? Nikahi si ilifungwa? Haramu iko wapi? Watu watasema mmetanguliza, waache waseme! Njoo nikushike."

Mauza alirudi nyuma hatua moja.

"Karatasi, shangazi."

"Karatasi ipi tena? Hiyo nitaichana sasa hivi."

"Imeandikwa kwa jina langu. Nipe nisome."

Bi Sabaha aliukumbatia mkoba. Lakini Muhiddin alikuwa ameshanyoosha mkono, na sijui kama aliuvuta mkoba au aliachiwa. Karatasi ilitoka, ya daftari la shule, imekunjwa mara mbili. Mauza aliifungua akasoma kwa sauti ya karani anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Mimi Hashil nimemwacha mke wangu Mauza, talaka tatu, kwa sababu imethibitika kuwa hazai."

Bi Mwanamize alisema, "Tatu?"

Hata mimi Mkristo wa Masasi nilijua maana yake. Nimeishi nao miaka. Moja hurejewa, mbili hurejewa. Tatu hakuna kurudi, mpaka mwanamke aolewe na mwingine na aachwe huko.

"Tarehe ya jana," Mauza alisema. "Jana ulikuwa unajua, Hashil."

Hashil aliinua uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa analia. "Niliona aibu, Mauza. Wazee walisema tungoje Mfungo Mosi. Ningeanzaje kumwambia shangazi kwamba nimekuja kwenu kwa mlango wa uani? Niliposema niandike moja, shangazi akasema..."

"Ukaona afadhali mimi niitwe mgumba mtaa mzima kuliko wewe uitwe mwenye haraka."

Hashil alirudisha macho kwenye kikombe.

Mauza aliikunja karatasi pale pale ilipokuwa imekunjwa, akaitia ndani ya kanga. "Nimeipokea," alisema. "Mama umesikia, kaka umesikia." Akaingia chumbani, na pazia likatulia.

Bi Mwanamize hakumfuata. Alikuwa anamtazama Bi Sabaha, na mimi pia, na Muhiddin, kwa sababu Bi Sabaha alikuwa bado amepiga magoti katikati ya mkeka akipapasa mkoba mtupu.

"Mimi ndiye niliyemwambia tatu," alisema. Hakuwa anamwambia mtu. "Yeye alitaka moja. Nikamwambia andika tatu, ili usirudi nyuma. Mimi ndiye niliyemwambia."

Alilirudia hilo mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Hashil aliinama amshike mkono amwinue, waondoke. Bi Sabaha aliutazama ule mkono, akauchomoa wake, na akabaki pale pale mkekani.